Albamu Mpya za Jazi na Bluzi: Zipi Zinajibu na Zipi Zinarudia

Umbo la bluzi lililozoeleka zaidi lina mistari mitatu katika kila ubeti. Mwimbaji hulitamka jambo lake katika mstari wa kwanza, hulirudia katika wa pili, mara nyingi kwa maneno yaleyale huku gitaa likibadilika chini yake, kisha hulijibu katika wa tatu. Kurudia huko si uvivu wala uhaba wa maneno, kwa kuwa humpa msikilizaji nafasi ya kuupima uzito wa jambo na humpa mwimbaji muda wa kulichagua jibu. Hata hivyo, ni katika mstari wa tatu ndipo tunapomjua mwimbaji ni nani. Mpangilio huo nimeufanya kipimo changu katika kuzipitia albamu za jazi na bluzi zilizotolewa mwaka 2024 na 2025, kwa sababu muziki huu wote umejengwa juu ya yale yaliyokwisha kusemwa na wengine. Hakuna mpiga saksafoni anayeweza kuanza upya kana kwamba John Coltrane hakuzaliwa, wala mpiga gitaa wa bluzi anayeweza kujifanya hajawahi kumsikia B.B. King. Kinachozitenga albamu za kukumbukwa na zile za kupita ni kama msanii aliyepokea maneno ya waliomtangulia ameishia kuyarudia, au ameyajibu.

Hoja yangu, ambayo najua baadhi ya wapenzi wa bluzi hawataipokea kwa furaha, ni kwamba majibu mazito zaidi ambayo bluzi imepata katika miaka hii miwili yametoka kwa wanamuziki ambao maduka na tuzo huwaweka katika rafu ya jazi. Bluzi yenyewe, ile inayouzwa kwa jina lake, haijakosa sauti nzuri, lakini sehemu kubwa yake imetua katika mstari wa pili na haionyeshi haraka ya kuondoka hapo.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Blues Blood, albamu ya tatu ya mpiga saksafoni Immanuel Wilkins, iliyotolewa na lebo ya Blue Note mwezi Oktoba 2024. Jina lake lina historia ambayo msikilizaji anapaswa kuijua. Mwaka 1964, kijana mmoja aitwaye Daniel Hamm alipigwa na polisi akiwa kizuizini Harlem, jijini New York. Waliokuwa wakipelekwa hospitali ni wale tu walioonekana kutokwa na damu, na Hamm, ambaye mwili wake ulikuwa umevilia damu bila kuchanika, alieleza baadaye kuwa ilimlazimu kulifungua jeraha lake kwa mikono yake mwenyewe ili damu itoke na aaminiwe. Katika maelezo hayo ulimi uliteleza, na badala ya kutaja damu ya jeraha (bruise blood) akataja damu ya bluzi (blues blood). Yeye na vijana wenzake watano, waliokuja kujulikana kama Sita wa Harlem, baadaye walishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 1966 mtunzi Steve Reich alikichukua kipande kifupi cha sauti ya Hamm iliyorekodiwa, kwa ajili ya tamasha la kuchangia gharama za kesi yao, akakirudia katika kanda mbili zinazoachana polepole mpaka maneno yakapoteza umbo na kubaki mlio. Kazi hiyo ya Reich imesomeshwa kwa miaka mingi katika vyuo vya muziki kama mfano wa mbinu mpya ya utunzi, na mara nyingi mbinu ndiyo inayozungumzwa huku kijana mwenye sauti akisahaulika.

Wilkins ameyachukua maneno yaleyale, lakini hakuirudia kanda. Amewakusanya waimbaji, miongoni mwao Ganavya, June McDoom na Yaw Agyeman, pamoja na Cécile McLorin Salvant kama mgeni, na akaujenga muziki ambao ndani yake sauti za watu hazipotezi umbo hata kidogo. Saksafoni yake, ambayo katika albamu za awali ilitawala kila pembe, hapa mara nyingi hukaa nyuma ya waimbaji na kuja mbele pale tu wanapokuwa wamemaliza la kusema. Hilo ni jambo gumu kwa kijana mwenye ufundi wa kiwango chake, maana ufundi hupenda kuonekana. Zipo dakika ambazo muziki unakaribia kusimama, na msikilizaji aliyezoea kasi ya kikundi chake cha watu wanne anaweza kudhani kwamba kuna kitu kimepungua. Mimi naona kinyume. Kinachosikika ni kikundi chenye nguvu ya kupiga kwa sauti ya juu kikiamua kutofanya hivyo, na uamuzi huo unaupa wimbo unaobeba jina la albamu uzito ambao usingepatikana kwa njia nyingine. Kumbukumbu ya mwili uliopigwa imetendewa hapa kama jambo la familia, si kama malighafi ya jaribio la studio.

Mtayarishaji wa albamu hiyo ni Meshell Ndegeocello, mpiga besi na mwimbaji, na si jambo la bahati kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoa No More Water: The Gospel of James Baldwin miezi miwili tu kabla, tarehe 2 Agosti 2024, siku ambayo mwandishi James Baldwin angetimiza miaka 100. Baldwin ni mmoja wa walioandika kwa hasira na kwa upendo kuhusu vijana wale wa Harlem, mwaka uleule wa 1966. Albamu hizi mbili zinapaswa kusikilizwa pamoja. Ya Ndegeocello ilianza kama onyesho la jukwaani mwaka 2016, katika ukumbi wa Harlem Stage, na bado ina tabia ya jukwaa: kuna nyimbo za kanisani zilizogeuzwa, kuna sauti ya Justin Hicks inayopanda kama ya muhubiri, na kuna hotuba za mshairi Staceyann Chin ambazo haziombi radhi kwa mtu yeyote. Kwa maoni yangu, maneno ya kusemwa yamezidi, na katika nusu ya pili muziki unageuka kuwa mandhari ya nyuma ya hotuba. Hata hivyo, hii si heshima ya kuweka shada la maua. Ndegeocello anabishana na Baldwin, anamuuliza maswali kuhusu wanawake na kuhusu imani, na anampa nafasi Chin ayaseme yale ambayo Baldwin hakuyafikisha mwisho. Ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya jazi mbadala mwaka 2025, na safari hii waamuzi walikuwa sahihi.

Jina moja dogo katika orodha ya wapigaji wa Blues Blood linanipeleka kwa mzee wa kundi hili lote. Mpiga gitaa Marvin Sewell, aliyekulia Chicago, ambaye amealikwa na Wilkins, ndiye pia aliyeketi pamoja na mpiga piano Jason Moran katika Figure in Blue, albamu ya Charles Lloyd iliyotoka Oktoba 2025. Lloyd alizaliwa Memphis mwaka 1938, na kabla ya kujulikana kama mpiga saksafoni wa jazi alikuwa kijana anayepiga nyuma ya Howlin' Wolf, Bobby Bland na B.B. King. Kwa miongo mingi, umaarufu wake umejengwa juu ya upande wa tafakuri, wa sauti laini inayoelea, na wasikilizaji wengi wamesahau ni wapi alikojifunzia kupumua. Albamu hii inawakumbusha. Haina besi wala ngoma. Piano, gitaa na saksafoni vimeachwa peke yavyo, na pale Sewell anapoteleza juu ya nyuzi katika wimbo wa Chulahoma, ulioitwa kwa jina la kijiji cha kaskazini mwa Mississippi ambako Junior Kimbrough alikuwa na ukumbi wake wa dansi, Lloyd anamjibu kwa sauti ya mtu wa miaka 87 ambaye hana tena sababu ya kuificha bluzi yake ndani ya jazi. Moran, kwa upande wake, anafanya kazi ambayo haisifiwi vya kutosha: anapiga noti chache, anazipanga chini ya wenzake, na anajua ni lini aondoe mikono. Ni albamu mbili katika moja, na kama ilivyo kwa kazi nyingi za Lloyd za siku hizi, ingepungua kidogo isingeharibika. Lakini sijasikia katika miaka hii miwili mahali pengine ambapo jazi na bluzi zimekaa meza moja bila hata moja kujipamba kwa ajili ya nyingine.

Ndugu wa karibu wa albamu hiyo, ingawa mtu anaweza asiuone undugu huo kwa mara ya kwanza, ni Defiant Life ya mpiga tarumbeta Wadada Leo Smith na mpiga piano Vijay Iyer, iliyotolewa na ECM mwezi Machi 2025. Smith naye ni mtoto wa Mississippi, alizaliwa Leland mwaka 1941, na baba yake wa kambo alikuwa mpiga gitaa wa bluzi. Katika muziki wake hakuna tena ubeti wa mistari mitatu wala mpangilio wa baa kumi na mbili za mapigo, lakini namna anavyoipiga noti moja, akaiacha ikae, akanyamaza muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kisha akaijibu, ni bluzi iliyovuliwa kila kitu isipokuwa mifupa. Wimbo wa Smith wa maombolezo ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, ndio moyo wa albamu. Muziki wa kisiasa mara nyingi huponzwa na haja ya kueleza, na hapa hakuna maelezo yoyote. Kuna tarumbeta isiyotetemeka na kuna piano inayosubiri. Iyer naye ametoa wimbo kwa Refaat Alareer, mshairi wa Kipalestina aliyeuawa Gaza Desemba 2023. Kuwekwa kwa vifo hivyo viwili katika albamu moja, kwa umbali wa miaka zaidi ya 60, ni hoja kamili ambayo haikuhitaji neno hata moja kutamkwa.

Kutoka hapo nageukia kinubi, ala ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ikihesabiwa kama pambo katika jazi. Brandee Younger alitoa Brand New Life mwaka 2023 kwa ajili ya Dorothy Ashby, mwanamke aliyeonyesha kwamba kinubi kinaweza kupigwa jazi kwa mdundo na kwa ukali, na albamu hiyo ilikuwa kazi ya kuokoa: tungo za Ashby zilirudishwa masikioni mwa watu. Ilikuwa kazi ya lazima, lakini kwa kipimo changu ilikuwa mstari wa pili. Gadabout Season, iliyotolewa na Impulse! mwezi Juni 2025, ndiyo mstari wa tatu. Younger ameirekodi kwa kutumia kinubi kilichokuwa cha Alice Coltrane, kile ambacho inasimuliwa kuwa mumewe, John Coltrane, alikiagiza na kikafika baada ya yeye kufariki mwaka 1967. Mtu mwingine angepewa ala yenye historia ya namna hiyo angepiga nyimbo za mwenye ala, na wanunuzi wangefurahi. Younger ametunga nyimbo zake mwenyewe, akaandamana na Rashaan Carter kwenye besi na Allan Mednard kwenye ngoma, na amekifanya kinubi hicho kiseme mambo ya mwanamke wa leo: wasiwasi, uchovu, furaha za muda mfupi. Sikubaliani na wahakiki wanaoiona albamu hii kuwa nyepesi. Wepesi wake ni wa mtu aliyekwisha kufanya heshima na sasa anaruhusiwa kuzungumza.

Anayetaka kulinganisha anayo nafasi nzuri, kwa sababu mwaka 2024 Impulse! ilitoa tamasha la Alice Coltrane mwenyewe la tarehe 21 Februari 1971 katika ukumbi wa Carnegie Hall. Pharoah Sanders na Archie Shepp wako kwenye saksafoni, wapiga besi ni wawili, Jimmy Garrison na Cecil McBee, na wapiga ngoma nao ni wawili. Nusu ya kwanza ni ya kinubi na utulivu. Nusu ya pili ni kimbunga. Naitaja albamu hiyo nikiwa na shaka kidogo juu ya biashara nzima ya kanda za kale. Lebo kubwa zimegundua kwamba marehemu hawachelewi studio, na kila msimu hutangaza kanda nyingine iliyopatikana, na wapenzi wa jazi wenye kiasi kidogo cha kutumia kwa mwezi huchagua jina wanalolijua badala ya kijana wasiyemjua. Hilo lina gharama kwa muziki ulio hai. Lakini ukweli lazima usemwe pia: Forces of Nature, rekodi ya mpiga piano McCoy Tyner na mpiga saksafoni Joe Henderson katika klabu ya Slugs', New York, mwaka 1966, iliyotolewa na Blue Note Novemba 2024 kutoka katika hifadhi ya mpiga ngoma Jack DeJohnette, ina moto ambao sijaukuta katika rekodi yoyote mpya ya jukwaani ya kipindi hiki. Tyner alikuwa ametoka tu katika kikundi cha Coltrane. Katika vipande virefu, vinavyozidi dakika 20, anasikika kama mtu anayethibitisha kwa nguvu zote kwamba anaweza kusimama bila bwana wake, na DeJohnette, aliyekuwa kijana wa miaka 23 au 24, hampi nafasi ya kupumzika. DeJohnette alifariki Oktoba 2025, na rekodi hiyo imekuwa mojawapo ya njia nzuri za kumwelewa tangu mwanzo wake.

Shabaka, Mwingereza aliyelelewa kwa sehemu Barbados, amelijibu swali la urithi kwa njia kali kuliko wote: aliiweka chini saksafoni mwishoni mwa 2023, ala iliyompa jina kupitia vikundi vya Sons of Kemet na The Comet Is Coming, akashika filimbi, ikiwemo ile ya mianzi ya Kijapani iitwayo shakuhachi. Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace, ya Aprili 2024, ilirekodiwa katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, mahali ambapo Coltrane alirekodi A Love Supreme mwaka 1964, na wanamuziki waliketi pamoja chumbani bila vipokea sauti vya masikioni wala kuta za kuwatenganisha. Unyenyekevu wa mtu aliyekuwa bingwa kurudi kuwa mwanafunzi hadharani unastahili heshima kubwa. Albamu yenyewe haina usawa. Wageni ni wengi, kila mmoja anakuja na ulimwengu wake, na filimbi mara nyingine inazama miongoni mwao; ni katika wimbo wa mwisho, ambapo baba yake Shabaka anasoma shairi, ndipo mambo yote yanapopata kitovu. Naipendekeza kwa anayefuatilia safari ya mwanamuziki, si kwa anayetafuta albamu iliyokamilika.

Sasa bluzi yenyewe. Tatizo lake, ninavyoliona, si ukosefu wa vipaji, bali ni mazingira yanayowazawadia wanaorudia. Wasikilizaji wa matamasha hupenda nyimbo wanazozijua. Tuzo za Grammy huigawa bluzi katika makundi mawili, ya jadi na ya kisasa, kana kwamba msanii lazima achague kati ya kulinda na kubadilisha. Na watayarishaji wameingia katika mazoea ya kuzijaza albamu kwa wageni maarufu ili kila wimbo uwe na jina la kuutangaza. Buddy Guy, mwenye heshima isiyo na kifani na aliyezaliwa Louisiana mwaka 1936, alitoa Ain't Done with the Blues siku aliyotimiza miaka 89, tarehe 30 Julai 2025. Ina nyimbo 18 na wageni kadhaa, wakiwemo Joe Walsh na Peter Frampton. Sauti yake bado ina makali ya kushangaza, na gitaa lake bado linaweza kukatiza sentensi katikati kwa noti moja iliyopinda. Lakini nyimbo 18 ni nyingi mno, na wageni wanaongeza umati bila kuongeza maana. Ningetoa nusu ya albamu hiyo kwa ajili ya nyimbo chache za yeye na gitaa peke yake. Room on the Porch ya wanabluzi Taj Mahal na Keb' Mo', ya Mei 2025, ina joto na ukarimu, na haidai zaidi ya hapo.

Christone "Kingfish" Ingram ndiye anayebebeshwa mzigo wa matumaini ya bluzi, mzigo ambao si haki kumtwisha mtu aliyezaliwa 1999. Anatoka Clarksdale, Mississippi, na Hard Road, ya Septemba 2025, ameitoa kupitia lebo yake mwenyewe, Red Zero Records, baada ya albamu zake za awali kutolewa na lebo ya Alligator. Kumiliki lebo ni hatua ambayo wazee wake wengi hawakuipata, na wengi waliumia kwa sababu hiyo. Kimuziki, Ingram anazidi kusogea kuelekea soul na roki, na sauti yake ya kuimba imekomaa kuliko inavyosifiwa. Gitaa lake halina mpinzani wa rika lake. Kilichobaki nyuma ni maneno: nyimbo kadhaa zinaimba juu ya mapenzi na ugumu wa njia kwa lugha ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, mahali popote, ilhali kijana wa Clarksdale wa karne hii ana mengi ya kusema ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyasema.

Jerron Paxton anayasema ya kwake. Things Done Changed, iliyotolewa na Smithsonian Folkways Oktoba 2024, ni albamu niliyoisikiliza mara nyingi kuliko yoyote ya bluzi katika kipindi hiki, na ndiyo inayonizuia nisikate tamaa. Paxton alikulia Los Angeles katika familia yenye asili ya Louisiana, anapiga gitaa, banjo, harmonika na piano, na kwa miaka mingi alijulikana kama hazina ya nyimbo za watu wengine za miaka ya 1920 na 1930. Watu walimsifu kama makumbusho. Hapa nyimbo ni zake mwenyewe. Umbo ni la zamani kabisa, bila umeme, bila kikundi kikubwa, lakini mambo ni ya sasa: katika So Much Weed anauimba mji uliobadilika, ambako bangi iliyowapeleka watu gerezani inauzwa waziwazi, na anafanya hivyo kwa mzaha ambao chini yake kuna uchungu wa aliyewaona waliofungwa. Wale wanaosema kwamba bluzi ya gitaa moja haiwezi tena kubeba jambo jipya waisikilize albamu hii kabla hawajarudia kauli yao. Jontavious Willis wa Georgia anafuata njia hiyohiyo katika West Georgia Blues, ya Agosti 2024, kwa ulaini zaidi na kwa ukali mdogo. Na Shemekia Copeland, katika Blame It on Eve ya mwezi uleule, ana wimbo mmoja unaotosha kuihalalisha albamu nzima: ule unaomkumbuka Rufus Payne, mwanamuziki mweusi wa mitaani aliyemfundisha gitaa Hank Williams na ambaye historia ya muziki wa kantri ilimwacha nje ya mlango. Copeland hafundishi somo. Anaimba kama anayedai deni la familia.

Ningependa kutaja kazi mbili zinazokataa kuingia vizuri katika kipimo changu. Nala Sinephro, mpiga kinubi na vyombo vya kielektroniki, katika Endlessness ya Septemba 2024, amejenga vipande kumi vinavyozunguka mfululizo mmoja wa noti, na humo sisikii akimjibu mzee yeyote. Nasikia mtu anayefungua chumba. Nimeipenda bila kuweza kuitetea kwa hoja nilizozitumia hapo juu, na hilo linatosha kunionyesha mipaka ya hoja hizo. Nduduzo Makhathini, mpiga piano wa Afrika Kusini, katika uNomkhubulwane ya Juni 2024, anazungumza na wahenga waliotangulia jazi yenyewe. Jina ni la mungu wa kike wa Wazulu anayehusishwa na mvua na rutuba, na muziki umepangwa katika sehemu tatu kama ibada, akiwa na Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi na Mkyuba Francisco Mela kwenye ngoma. Athari ya McCoy Tyner katika mkono wake wa kushoto iko wazi, lakini Makhathini ameitumia kwa kazi nyingine. Pale sauti yake ya kuimba inapoingia, piano hugeuka kuwa ngoma, na msikilizaji anaelewa kwamba mazungumzo kati ya Afrika na Wamarekani weusi hayaendi upande mmoja tu.

Kuhusu mwimbaji Samara Joy nitasema kwa ufupi, kwa kuwa amekwisha kusifiwa sana. Portrait, ya Oktoba 2024, inastahili sifa hizo kwa sababu moja mahususi: aliuchukua wimbo wa Charles Mingus uliokuwa wa ala tupu, Reincarnation of a Lovebird, akauandikia maneno na kuuanza peke yake bila ala yoyote. Angeweza kuendelea kuimba nyimbo zilizozoeleka na kuuza zaidi.

Kwa anayeanza, napendekeza aanze na Figure in Blue, aende kwa Paxton, kisha arudi kwa Wilkins, kwa mpangilio huo, kwa sababu sikio lililokwisha kumsikia Lloyd na Sewell wakizungumza litaisikia Blues Blood kama mwendelezo na si kama kitendawili. Honey from a winter stone ya mpiga tarumbeta Ambrose Akinmusire, iliyotolewa na Nonesuch mwishoni mwa Januari 2025, nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana ndiyo naiona kuwa kubwa kuliko zote na ndiyo inayodai zaidi. Kikundi cha nyuzi cha Mivos, piano, ngoma za Justin Brown, vyombo vya kielektroniki na maneno ya papo hapo ya msanii wa rap Kokayi vimewekwa pamoja katika vipande vitano tu, na Akinmusire, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni wa Mississippi, amesema wazi kwamba ameathiriwa na mtunzi Julius Eastman, aliyefariki mwaka 1990 akiwa amesahauliwa. Kipande cha mwisho kinakaribia dakika 30. Tarumbeta halisikiki katika sehemu kubwa yake. Kokayi anabaki akitafuta maneno ya hofu na ya undugu mbele ya nyuzi zinazorudia mwendo uleule, na kila marudio yana badiliko dogo ambalo mtu hulitambua baadaye tu. Asiyekuwa na nusu saa ya kukaa bila kukatizwa ni afadhali asianze kipande hicho, kwa sababu jibu lake haliko katika dakika kumi za mwanzo.